Ngao za Pikipiki ya Serikali

Msiniambie hasira hasara. Kwangu mimi hasara ilitangulia, hasira ikaja nyuma yake, na tangu mwaka sabini na nne haijaondoka.

Mwaka huo nilikuwa bwana shamba Handeni. Serikali ilikuwa imenipa pikipiki nyekundu ya Kijapani, na mbele yake ilikuwa na vipande viwili vya plastiki nyeupe vilivyoshuka toka chini ya usukani mpaka miguuni, kimoja kushoto, kimoja kulia. Mafundi wakiviita ngao. Masika ngao zina kazi yake, maana bila hizo tope linakupanda mpaka kiunoni. Lakini Januari na Februari, jua la kwetu linapokausha hata mate mdomoni, ngao zile ni adhabu tupu. Zinazuia upepo, joto la injini linajaa pale pale miguuni, unafika shambani kwa watu miundi imeiva kama muhogo wa kuchoma.

Aliyenifundisha kuzitoa ni Kaleb, fundi wa Kilole pale Korogwe, Msambaa wa Lutindi, kwa hiyo mtani wangu. Alisema sisi Wazigua tumeizoea njaa kiasi kwamba sasa tunajichemsha wenyewe. Nikamwambia aache maneno afungue. Bolti sita tu, kazi ya dakika kumi. Ila alinionya sana kuhusu kuzihifadhi. Zioshwe, zikaushwe kivulini, zifungwe kwenye nguo, zitundikwe mahali pa baridi. Ukiziacha juani au chini ya bati zinajikunja, na masika ukija kuzirudisha matundu hayaonani tena na bolti.

Chumba changu cha serikali pale Handeni kilikuwa cha bati, mchana huwezi kukaa ndani. Kila kiangazi nikawa nazipeleka kwa mama yangu, Mwatumu binti Mhina, kitongoji cha Kwemsuka, kwenye nyumba ya udongo na nyasi. Chumbani kwake kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Jikoni ndiko kulikokuwa na moto, na jiko lake lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba. Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga, na kwenye uchaga alitundika mbegu yake ya mahindi, mahindi mazima yamefungwa mawili mawili kwa maganda yake, moshi uyapitie bungua asiyaguse. Mbegu ile alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Punje ndogo, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu, hukomaa upesi hata mvua ikikatika katikati. Mwaka wa njaa nusu ya Kwemsuka walipanda kwa mbegu iliyotoka kwenye uchaga ule.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kiangazi cha mwaka sabini na tatu nilipita Kwemsuka ghafla nikamkuta mama ameanika kunde juani, na alichoanikia ni ngao yangu ya kushoto. Ilikuwa pana, safi, ina kingo, kwa nini asianikie? Nikafoka. Nilimfokea mama yangu mzazi mbele ya jirani zake kwa ajili ya kunde. Nikamwambia, "Mama, hii ni mali ya serikali. Ikipotea au ikiharibika, mwanao anafungwa."

Ulikuwa uongo. Sana sana ningenyang'anywa pikipiki na kurudi kwenye baiskeli. Lakini nilikuwa mtu wa ofisi, nina muhuri, na nilitaka vitu vyangu viogopwe. Mama aliomba radhi. Mama mzima, aliyenibeba mgongoni, ananiomba mimi radhi, na mimi nikaipokea. Nikaosha ngao, nikazifunga upya kwenye kanga pamoja na kikopo cha bolti zake, nikaondoka bila hata kuonja uji alionipikia.

Ukaja mwaka sabini na nne na operesheni ya kuhamia vijijini. Nisiwadanganye, mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama mikutanoni. Nilisema watu wakikaa pamoja watapata maji, shule, zahanati, na bado sioni kuwa maji na shule ni kitu kibaya. Nilisema pia mbegu za kienyeji zimepitwa na wakati, serikali italeta mahindi ya chotara yanayozaa mara mbili. Wakapiga makofi. Aliyepiga makofi kwa nguvu zaidi ni Sadala, katibu kata, mtu mwembamba mwenye haraka ya kupanda cheo.

Sadala alinihakikishia kwa mdomo wake kwamba Kwemsuka watahama Jumatatu. Nikapanga na mama nije Jumamosi tuhamishe mbegu kwanza. Kwetu mbegu hairundikwi kwenye lori pamoja na masufuria na kuku. Mwenye mbegu huishusha mwenyewe kwenye uchaga, akaibeba kichwani, akaitundika mahali pengine siku hiyo hiyo, moto ukiwa umeshawashwa. Mama alikuwa ameshapata mahali kule kijiji kipya na kupajengea kijibanda cha jiko cha fito. Ilibaki kuhamisha mbegu tu.

Kabla Jumamosi haijafika nikapata barua. Mkaguzi wa vyombo vya serikali atafika Handeni Ijumaa, kila pikipiki iwe kamili kama ilivyotoka stoo. Kamili maana yake na ngao. Jumatano nikaipeleka pikipiki Korogwe kwa Kaleb airekebishe breki. Alhamisi asubuhi aliponikabidhi, akanikumbusha nisiende kwa mkaguzi miguu wazi. Nikamjibu kwamba ngao zipo kwa mama, na kwa mama hakipotei kitu. Nikaishika barabara ya vumbi, nikapita Sindeni, jua utosini, nikiwaza bolti sita.

Moshi niliuona kabla sijaiona Kwemsuka. Nikadhani watu wanachoma mashamba. Mimi bwana shamba, nimewakataza kuchoma mashamba, nikaanza kukasirika kabla hata sijafika.

Yalikuwa ni mapaa. Mgambo walikuja alfajiri na malori mawili, siku nne kabla ya siku yenyewe, kwa sababu Sadala alisikia wakubwa watapita wiki ile na alitaka kata yake iwe ya kwanza kumaliza. Watu wakaambiwa wapakie. Nyumba zikachomwa nyuma yao ili mtu asirudi. Nilipofika nyumba ya mama ilikuwa kuta tu, nyasi zimekwisha, na jiko halikuwapo kabisa. Mama alikuwa amekaa chini karibu na lori, amekumbatia furushi, na mkono wake wa kulia ameuzungushia kitambaa kilicholowa.

Nitawaambia nilichosema, kwa sababu nimekula kiapo cha kutokuficha. Sikumwamkia. Sikumuuliza mkono umekuwaje. Nilisema, "Mama, ngao ziko wapi?"

Akafungua furushi. Zilikuwa mbili, nyeupe, safi, hazina hata masizi. Na kikopo cha bolti ndani yake.

"Hesabu," akasema. "Zimo zote."

Nami nikahesabu. Wallahi nilichuchumaa pale kwenye majivu ya nyumba niliyozaliwa nikahesabu bolti moja mpaka sita. Zilitimia. Ndipo kichwa kikanirudia, nikatazama lilipokuwa jiko, nikamuuliza mbegu aliiweka wapi.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza karani. Yeye alikuwa kisimani. Aliporudi moto ulishashika paa la nyumba na la jiko kwa pamoja. Akawalilia wale mgambo wamwachie aingie. Kijana mmoja akamwonea huruma, akamwambia mama, haya, ingia, lakini mara moja tu, paa linaanguka. Mara moja, na nyumba mbili zinawaka.

"Nikasema mbegu ni yangu," mama akaniambia, "hizi ni za serikali. Nisingekubali ufungwe."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kufungwa kwa ajili ya plastiki ile, kwamba nilimdanganya, kwamba nilimdanganya kwa sababu ya kunde. Sikumwambia. Hilo nalo liandikeni. Mpaka amekufa hakujua, na kila nikikumbuka natamani kujizaba makofi.

Sadala alikuwa upande wa pili wa lori anaandika majina. Nilimwendea nikiwa na nia moja, na watu waliniona nayo wakanishika mikono. Nikamuuliza kwa nini amekuja Alhamisi wakati tulikubaliana Jumatatu. Akasema kazi ya taifa haina Jumatatu. Nikamwambia mbegu ya Kwemsuka yote imeungua, na masika yapo mlangoni. Hakukasirika hata kidogo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mbegu gani, bwana shamba? Si wewe uliyesema imepitwa na wakati?"

Alikuwa hasemi uongo, na hilo ndilo lililonichoma. Yule mtu alichoma uchaga wa mama yangu kwa kiberiti, lakini maneno ya kuuchomea nilimpa mimi jukwaani, na kipaza sauti nilikishika mwenyewe. Wakaniachia mikono kwa sababu ilishalegea.

Mama alipanda lori. Mimi nikafunga ngao pale pale njiani kwa spana niliyoazima kwa Kaleb, kwa sababu kesho ilikuwa Ijumaa. Nawaambieni nilizifunga. Mtu mwingine angezivunja kwa jiwe. Mimi nilizifunga, nikakaza, nikajaribu kama zinatikisika.

Mkaguzi alikuja, mzee mpole wa miwani, akaizunguka pikipiki mara mbili. Wenzangu watatu walikutwa na mapungufu, huyu kioo, huyu kifuniko cha mnyororo. Yangu ilikuwa kamili. Akanipa mkono mbele ya wote, akasema laiti watumishi wote wangetunza mali ya umma kama huyu kijana. Nikasema asante, mzee. Kisha nikaenda nyuma ya ofisi nikapiga ukuta ngumi mpaka vidole vikavimba, na nikaenda kazini hivyo hivyo.

Mvua za kwanza zilinyesha Machi. Zahanati ya kijiji kipya ilikuwa bado nguzo, kisima bado ni kamba na mbao, lakini mbegu ya serikali ilifika kweli, mifuko ishirini, na mgawaji nilikuwa mimi. Kinyozi hajinyoi, lakini mara hii nilitaka mama awe wa kwanza kupata. Nikampelekea fungu lake mpaka kwenye jiko lake jipya. Moto ulikuwa umewashwa. Uchaga ulikuwa umejengwa, hauna kitu. Nikamwamkia vizuri safari hii, shikamoo mama, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kazi.

Alimimina punje kiganjani, kile chenye kovu. Zilikuwa kubwa, zimelingana zote, zina rangi ya dawa. Nikamwambia asizile wala asiwape kuku. Akaitikia kwa kichwa. Akazigeuza kwa kidole muda mrefu. Alikuwa mkulima kabla mimi sijazaliwa, na aliuliza swali la mkulima.

"Nikichagua mahindi mazuri, nikiyatundika hapa juu, mwakani yatazaa hivi hivi?"

Lile ni jambo nililosomea miaka miwili. Mahindi ya chotara huwezi kuyawekea mbegu. Ukiyapanda tena yanatoka mengine marefu, mengine mafupi, mengine hayazai, hayamfuati mama yao. Nililijua nilipokuwa jukwaani na sikulisema, kwa sababu lingepunguza makofi.

"Hapana, mama," nikasema. "Itabidi kila mwaka uchukue mpya."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Akaniangalia. Hakuwa na hasira, na heri angekuwa nayo. Alikuwa anahesabu, kama mtu anayepima kama kamba itafika chini ya kisima.

"Na wewe ukihamishwa?"

Akazirudisha punje kwenye mfuko moja moja, isidondoke hata moja, akajifunga kanga, akachukua jembe akaenda kupanda, kwa kuwa ardhi ilikuwa imelowa. Juni wakanihamishia Songea.