Jembe la Kujaribia

Biasha hakukaa kwenye mkeka aliotandikiwa. Aliinamisha kapu, na vipande vya majembe vikamwagika barazani kwa Mwalimu Saburi kimoja baada ya kingine, kwa mlio mfu kama wa vigae.

"Kumi na moja," alisema. "Mengine yamebaki kwetu Kurui. Kapu halikutosha."

Saburi alichutama. Mengi yalikuwa yamevunjika shingoni, pale bapa linapoingia kwenye mpini. Matatu yalikuwa mazima, ila makali yao yamejikunja kama sikio la mbwa mzee. Hakuuliza ni majembe gani. Alikuwa ameyasifu yeye mwenyewe, mwezi wa pili, katika Sauti ya Bonde, gazeti la kurasa nne lililochapwa Kibaha kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono na kusomwa katika madarasa ya watu wazima kuanzia Gwata, kijijini kwake, mpaka Kisarawe.

Safu yake iliitwa "Tumejaribu". Saburi alikuwa mkulima wa muhogo aliyefundisha kusoma kila alasiri, hakuwa na cheo kingine. Lakini kwa miaka mitatu alikuwa ameandika juu ya ndoo, mapanga na taa za chemli, na kila kitu alikiazima kwa jirani aliyekinunua, akakitumia mwezi mzima, ndipo akashika kalamu. Aliwahi kuandika kwamba ndoo fulani huvuja kabla ya wiki ya nne, na mwenye duka mmoja wa Ruvu akamnunia mwaka mzima. Watu walicheka, wakamwamini.

Lile jembe jipya hakuliazima. Bwana Bernard wa ghala la pembejeo alimletea mpaka mlangoni, limefungwa kwa karatasi ya kaki, akasema ni zawadi, kazi ya mwalimu inaonekana. Saburi alilima nalo mwezi mzima na halikutetereka. Akaandika: Jembe hili ni imara kwa udongo wowote.

"Nilisoma mwenyewe," Biasha alisema. "Ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza darasa. Hakuna aliyenisomea. Nikawaambia wenzangu, hili limejaribiwa."

Mengine aliyaeleza bila kupandisha sauti. Kurui walimwambia mhunzi wao asijisumbue msimu ule, naye akafunga mivukuto yake akaenda kukaa kwa wanawe. Masika yalipoanza, majembe ya dukani hayakumaliza wiki. Watu walilima kwa vijiti na visu, mbegu nyingi zikabaki ndani, mvua ikapita. Kufikia mwezi wa saba walikuwa wanachimba ndiga porini, mizizi yenye sumu ambayo sharti iloweshwe siku tatu ndipo iliwe. Mama yake Biasha alishindwa na njaa. Hakungoja siku ya tatu, akala.

Hapo Saburi akaiona ile kaniki ya msiba aliyovaa Biasha, mpya, bado ina mikunjo ya dukani.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Sikuja kutafuta pole, mwalimu. Majembe ya vuli yako njiani, yale yale. Watu watasoma nini?"

Saburi aliinuka. Alikwenda duka la kijiji akaazima jembe moja kutoka kwenye lundo, akarudi nalo barazani, akalilaza kando ya lake, akaokota jiwe. La zawadi lililia kama kengele. La dukani liligota tu. Aligonga tena, na tena, kama mtu anayetumaini chuma kitabadili mawazo.

Biasha alicheka kicheko kikavu. "Hata sauti walikuchagulia."

Kesho yake Saburi alipanda baiskeli kwenda Kibaha, makala mpya mfukoni. Ndugu Wilfred, mhariri, aliisoma amesimama, vidole vyeusi kwa wino, kisha akaikunja vizuri. Hakuwa mtu mbaya. Alimuuliza Saburi kama anajua karatasi za gazeti hutoka ghala gani. Saburi alijua. Zilitoka kwa Bernard, na wino pia.

"Nikichapa hii, mwezi ujao hakuna gazeti," Wilfred alisema. "Watu wako watajifunzia kusoma kwa nini, kwa majani? Tena kinachotengeneza majembe haya ni kiwanda chetu wenyewe. Unawapa mabeberu cha kusema."

"Mabeberu hawalimi Kurui," Saburi alijibu taratibu, akachukua karatasi yake.

Njia nzima upepo ulimpiga usoni. Aliwaza juu ya zile kurasa nne. Pasingekuwa na gazeti, wapo ambao wangesahau herufi kabla ya mwaka kwisha. Aliwaza pia juu ya siku ya tatu.

Alasiri darasa lilijaa. Biasha alikuwa bado hajaondoka; mkewe Saburi, Mwanahalima, alikuwa amemzuia apumzike, naye sasa alikaa nyuma na daftari la kuazima. Saburi aliandika ubaoni kwa herufi kubwa: Tumejaribu. Majembe ya dukani yanavunjika. Msiyangoje. Waambieni wahunzi waanze kazi sasa. Akawaomba wanakili, na kila mwenye ndugu kijiji kingine ampelekee.

Penseli zilikwaruza. Biasha alifuatisha maneno kwa kidole, midomo ikichezacheza, akafika mwisho, akanyanyua uso.

"Mwalimu, umebakiza mstari mmoja."

"Upi?"

"Huko Kurui wataniuliza, si ndiye huyu aliyeyasifu? Niwajibu nini?"

Penseli zikasimama. Saburi angeweza kuandika kwamba alidanganywa, na usingekuwa uongo. Alitazama chaki mkononi, kipande kisichozidi punje ya hindi. Ubao ulikuwa umejaa. Alipanda kigoda, akafuta kichwa cha juu, lile neno Tumejaribu, kwa kiwiko cha shati, na katika nafasi ile akaandika, herufi zikibanana:

Jembe nililojaribu sikulipata dukani. Nilipewa. Sikuwaambia.

Aliposhuka hakugeuka mara moja. Nyuma yake palikuwa na pumzi tu, na sauti ya daftari likifunguliwa ukurasa mpya. Kisha Mzee Kondo, mkubwa kuliko wote darasani, akakohoa.

"Macho yangu hayafiki huko juu. Tusomee, mwalimu, polepole, nami niandike."

Saburi akageuka. Akasoma kama alivyowafundisha siku ya kwanza, silabi baada ya silabi, akisubiri kila mkono umalize. Biasha alilamba ncha ya penseli, akainama. Saburi alipofika neno la mwisho, Mzee Kondo alinyoosha kidole.

"Rudia hilo," alisema. "Limenipita."

"Si-ku-wa-a-mbi-a," Saburi akarudia, na penseli zote zikashuka pamoja.