Injini Haifi Bila Kuaga

Mdogo wangu alikuja gereji Jumanne asubuhi akanikuta nimelala chini ya gari la mteja, miguu tu ndiyo inaonekana. Akasimama karibu na viatu vyangu, akaanza kulia. Sikutoka. Nilikuwa nimeshika nati iliyonisumbua tangu saa mbili, na mdogo wangu ni mtu wa kulia kwanza, maelezo baadaye.

"Dada, wanataka kuufuta uchakavu wangu."

Hapo nikatoka.

Nieleze kidogo. Mimi ni fundi wa injini, mwaka wa ishirini na tatu huu. Yeye alisoma hesabu hadi hesabu zikaisha, akaajiriwa kwenye kampuni ndogo inayotengeneza gemu za kompyuta. Wanatengeneza gemu ya mashindano ya magari, na kila mtu pale ana kipande chake: mmoja anachora barabara, mwingine anapaka magari rangi. Mdogo wangu amepewa kipande cha kuyachakaza. Tairi ziishe, breki zichoke, injini ilegee. Kazi ya miaka miwili.

Sasa waliopewa gemu kuijaribu wote wanalalamika kitu kimoja: injini inakufa bila sababu. Hata bosi wake, mtu mpole wa miwani, alisema, "Niliendesha kama mama mkwe amekaa kiti cha nyuma, na bado ikafa." Akatoa uamuzi. Ijumaa saa nne atakaa mwenyewe kwenye usukani. Ikifa tena vile, kipande cha mdogo wangu kinaondolewa chote, na magari ya gemu yatakuwa mapya milele.

"Miaka miwili, dada. Halafu nihamishiwe kuchora majukwaa ya mashabiki."

Nilimhurumia, lakini nisidanganye, kilichoniuma zaidi wakati ule ni hilo la magari mapya milele. Gari lisilochakaa ni tusi kwangu mimi. Nikafuta mikono, nikamwambia aongoze njia.

Ofisi yao iko ghorofa ya tatu. Mapazia yamefungwa mchana kweupe, nyaya zimetambaa kila kona, na katikati wameweka kiti cha gari halisi, kimefungwa kwenye ubao. Mbele yake meza yenye usukani, chini pedali tatu, na skrini pana kama mlango uliolazwa. Kitini alikuwa jamaa mmoja mwenye ndevu, amevaa soksi bila viatu. Wanamwita Kanyaga, kazi yake ni kuendesha gemu kutwa nzima na kuandika makosa anayoyaona.

"Mwonyeshe dada raundi kumi na mbili," mdogo wangu akamwambia.

Kanyaga akawasha injini. Haijakohoa hata mara moja, akaibonyeza mpaka mwisho. Nilishika kichwa. Mshale wa kasi ya injini ulikaa kwenye wekundu raundi zote kumi na mbili, gia anazitia kama anayevunja kuni, na gari likafika mwisho zima kabisa. Angekuwa mteja wangu ningemnyang'anya funguo.

Zamu yangu ikafika. Nikawasha, nikaiacha iungurume pale pale iliposimama, jicho langu kwenye mshale wa joto.

"Shangazi, twende, taa ya kijani imewaka," Kanyaga akasema.

"Sina kaka wa kunizalia wewe," nikamjibu. "Tulia. Injini bado ya baridi."

Watu wakaanza kucheka, wengine wakaacha meza zao wakaja kutazama. Waache wacheke. Mshale ulipofika katikati nikaondoka taratibu, nikabadilisha gia mapema, sikuilazimisha mlimani. Magari yote yakanipita. Raundi ya tisa, kwenye barabara iliyonyooka, injini ikazima kimya. Maandishi yakatokea: injini imekufa.

Nilikaa nikiwa nimeshika usukani. Haikugonga. Haikutoa moshi. Mshale wa joto ulikuwa palepale katikati, mahali pake pa haki. Nimeona injini nyingi zikifa na sijaona hata moja ikifa hivyo.

"Nani kaiua?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka.

"Hakuna, dada. Imefika mwisho wake."

"Mwisho wake kaupanga nani?"

Akatazama chini. "Mimi."

Basi nikamketisha, nikamhoji kama ninavyomhoji mteja anayekuja na gari limevutwa kwa kamba na kuapa kwamba limezima tu lenyewe. Akafungua kazi yake kwenye kompyuta, akanisomea kwa Kiswahili cha watu. Kila injini imepewa dakika zake. Ikiwaka, dakika zinapungua. Zikiisha, imekufa. Ndiyo kanuni yote.

Sasa ikaeleweka. Mimi niliyeisubiri ipate joto na kuiendesha kwa adabu nilimaliza dakika zote njiani. Kanyaga aliyeichinja alimaliza mbio mapema, dakika bado anazo. Gemu ilikuwa inamwadhibu mpole na kumtuza mharibifu. Hasira zikanitoka, nikabaki na udadisi mtupu, kwa sababu mdogo wangu si mjinga. Mtu mwenye akili akikosea namna hii, lazima kuna mahali alipofundishwa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa baba," akasema, kana kwamba nimeuliza jua linachomoza wapi.

Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa pampu za maji. Alikuwa na injini tatu za dizeli, kubwa kama vyumba, na daftari lenye safu tatu za saa. Pampu ya kwanza imefanya kazi saa ngapi, ya pili ngapi, ya tatu ngapi. Kila saa mia mbili na hamsini anabadilisha oili, hata kama ni siku ya harusi ya mtu. "Injini ni saa zake," alikuwa akisema, na sisi tulikua tukilisikia hilo kuliko dua ya chakula. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimjumlishia zile safu jioni, miguu yake haijafika hata sakafuni.

Nikaelewa kwamba kuligusa hili si kugusa kanuni tu. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja.

"Sikiliza," nikamwambia. "Nina jambo sijawahi kumwambia mtu."

Nikamweleza habari za mkunga. Mwaka wangu wa pili gereji, mkunga mmoja aliniletea gari akasema linatoa mlio. Alikaa karibu sana na hospitali. Alikuwa akiitwa mara nane, mara kumi kwa siku, anawasha, anakimbia dakika tatu, anazima. Nilipiga hesabu ya baba. Saa za ile injini zilikuwa chache mno. Nikamwambia, kwa kiburi cha ujana, "Mama, nenda, saa zake bado." Wiki mbili baadaye ikanoki njiani, ikashikana kabisa, naye anakwenda kuzalisha. Alimalizia njia kwa miguu, akakuta mtoto ameshazaliwa na nesi mwanafunzi. Wote walikuwa salama, lakini mimi sikulala siku mbili. Nilipoifungua ile injini nilikuta oili, ambayo haikuwahi kupata joto lake, imekuwa tope jeusi na vyuma vimelika kama sabuni.

"Unasema baba alikosea?" Macho ya mdogo wangu yalishaanza kujaa machozi.

"Baba hakukosea. Baba alikuwa na pampu. Pampu unaiwasha leo, inakwenda mwendo mmoja mpaka wiki ijayo. Hakuna wa kuikanyaga, hakuna wa kuizima kila baada ya dakika tatu. Pale kweli kilichobaki cha kuhesabu ni saa. Gari lina dereva."

Nilijua linamuuma, maana na mimi liliniuma vilevile.

"Sasa kama si saa," akauliza mwishowe, "ni nini?"

Hilo ndilo swali nililolisubiri. Kesho yake nilirudi na mfuko. Asubuhi ile niliweka kopo la oili kwenye barafu ya friji ya ofisi, jirani na maziwa ya mtu, na baada ya chakula cha mchana nikamwita mdogo wangu na wenzake. Nikamimina ile ya baridi kwenye kijiko: ikajivuta, ikagoma. Nikamimina nyingine niliyoipasha kwenye maji moto: ikakimbia. "Sasa jifanye wewe ni chuma," nikamwambia Kanyaga, "unazunguka mara elfu saba kwa dakika, na chakula chako kimeganda kwenye kijiko." Kanyaga akakikodolea macho. Baadaye nilimwona akiimimina tena ile oili peke yake, mara tatu, akidhani hakuna anayemwona. Mwenye maziwa alilalamika hadi jioni.

Nikawapitishia mkononi vyuma vilivyotoka kwenye injini zilizokufa. Ringi za pistoni zilizolika, zinazoruhusu oili kupanda na kuungua, ndipo unapoona moshi wa bluu. Beringi, vile vyuma laini ambavyo mhimili huzungukia ndani yake, zenye mikwaruzo. Wakauliza maswali mpaka nikachoka. Je, ikipata joto sana? Je, ukiipumzisha, inapona? Haiponi, lakini inaweza kukufikisha. Je, unajuaje kabla?

"Dalili ya mvua ni mawingu," nikasema. "Injini haifi bila kuaga. Inaaga mapema sana, tena mara nyingi. Tatizo ni anayeagwa."

Alhamisi mdogo wangu alikuja gereji na vinasa sauti. Nilikuwa na gari linalogonga kwa mbali. Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni mwake. Ameishi na mafundi maisha yake yote, na hakuwahi kufanya hivyo. Akatulia, akafumba macho, kisha uso wake wote ukafunguka.

"Dada, kuna mtu anabisha hodi ndani!"

"Ndiye huyo. Mrekodi."

Aliandika upya kila kitu. Oili yenye joto lake. Chuma kinacholika haraka injini ikikanyagwa ikiwa bado ya baridi, na haraka zaidi ikichemka. Kisha dalili, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake: hodi ya mbali, joto kupanda, moshi, nguvu kupungua. Kuhusu ile kanuni ya dakika, aliniomba niifute mimi kwa mkono wangu. Nikabonyeza.

Ijumaa saa nne bosi akaja, akavua koti, akakaa.

"Wiki iliyopita niliendesha kwa upole ikafa," akasema. "Leo nitaendesha kama Kanyaga. Tuone."

Nilikuwa nimejiandaa kwa dereva mpole. Injini ikifa mikononi mwa bosi kwa mara ya pili, nani atakaa kusikiliza habari za oili na kijiko? Mdogo wangu alinishika mkono juu ya kiwiko, kucha zote ndani.

Bosi akawasha na kubonyeza hapohapo. Raundi tatu za kwanza aliongoza, akaanza hata kutabasamu. Raundi ya nne, akipanda mlima, nikaisikia: hodi ndogo, mbali, inayotoka anapokanyaga na kupotea anapoachia. Nikaona kichwa chake kimeinama kidogo upande. Akakanyaga.

Raundi ya sita mshale wa joto ukaanza kupanda. Akautazama. Akakanyaga.

Raundi ya nane moshi wa bluu ukajaa kwenye kioo cha nyuma. Kanyaga akafungua mdomo kusema kitu, nikamkanyaga mguu. Bahati mbaya yake hakuwa na viatu. Raundi ya kumi hodi ilishakuwa kelele, gari halipandi, aliyekuwa wa pili akampita, na wa tatu naye. Raundi ya kumi na moja, mita chache kabla ya kona ya mwisho, ikanoki.

Maandishi yakatokea: injini imekufa.

Bosi aliondoa mikono kwenye usukani akaiweka mapajani. Miaka miwili yote ilikuwa inasubiri mdomo wa mtu yule mmoja.

"Niliisikia," bosi akasema. Alikuwa anaongea na skrini, si na sisi. "Tangu raundi ya nne niliisikia. Nikasema itavumilia." Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. "Nimeiua mwenyewe."

Kisha akageuka kitini akamtafuta mdogo wangu.

"Nipe nyingine," akasema.

Mdogo wangu akaniachia mkono, akaenda kwenye kibodi, akamwekea nyingine. Bosi akaiwasha. Taa ya kijani ikawaka, magari yote yakaondoka na kumwacha, naye akabaki pale, mguu hauko kwenye pedali, anautazama mshale wa joto. Na sisi sote, pamoja na Kanyaga, tukausubiri naye.