Ng'ombe wa Karatasi

Tunakaa Bulapesa, na wewe cheka tu, maana hata mimi huwa nacheka. Mtaa una pesa kwenye jina, mume wangu Huqa ana matrilioni ndani ya nyumba, na maziwa nanunua ya pakiti.

Matrilioni hayo ni ya Zimbabwe. Pesa yao ilipoharibika enzi zile, walichapa noti zenye sifuri zinazofuatana kama msafara wa ngamia, na noti nzima isinunue mkate. Apua, rafiki yake anayeendesha lori la masafa marefu, humletea moja moja akirudi kutoka kusini. Ya kwanza alimletea mwaka ule ukame ulipotumalizia ng'ombe kule Merti tukahamia mjini. Huqa aliipenda papo hapo, akaipa jina la ng'ombe.

Sitanii. Kila noti ina jina la mmoja wa wale waliokufa: kuna Buure, kuna Diimtu. Ile ya bluu ya trilioni mia, yenye picha ya nyati upande wa nyuma, ndiyo Daalo, ng'ombe wangu mwenyewe niliyepewa siku ya harusi. Na usimwulize anazo ngapi. Kwao mifugo haihesabiwi kwa mdomo. Mwenyewe huwatazama tu akajua nani hayupo. Jioni, mimi nikiwa jikoni, huzipanga mkekani akawataja kwa sauti ya chini. Mwanzoni nilimwonea huruma. Baadaye nikachoka, kusema kweli. Jina halikamuliwi.

Nilichotaka mimi ni maziwa ya mnyama wangu ndani ya gorfa yangu. Gorfa ni chombo cha maziwa tunachosuka wenyewe, na cha kwangu kilining'inia msumarini kikiwa kitupu. Hata hivyo kila Ijumaa nilikifukiza kwa kijiti chenye moto, kama mama alivyonifundisha, maana chombo cha maziwa kisipopata moshi kinakufa. Basi mwezi uliopita Apua akatupatia mtu wa Meru anayekusanya pesa za zamani, Mwongera. Alisema kwa simu kwamba noti zote pamoja, zikiwa safi, ni bei ya mtamba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Jioni ile Huqa alizipanga mkekani mara mbili, kisha akasema, "Sawa, Mama Guyo. Wacha akuje."

Mwongera alifika asubuhi, mtu mchangamfu mwenye miwani.

"Hodi! Habari ya hapa, mama? Mzee, nasikia wewe ni tajiri."

"Karibu. Utajiri iko, chakula ndio shida," Huqa akamjibu.

Nilimngoja Huqa afungue sanduku lake la nguo. Badala yake akaenda msumarini, akaishusha gorfa yangu, akafungua kifuniko na kuzitoa noti, kila moja ndani ya nailoni yake.

"Baba Guyo! Unaweka huko?"

"Mchwa haingii huko. Ijumaa natoa kwanza, ukimaliza moshi narudisha. Si ilikuwa tupu?"

Mwongera aliichomoa Daalo kwa ncha za vidole. Akainusa. Akainusa tena.

"Mzee, hii imekaa jikoni?"

Noti ilikuwa imeanza kuwa ya hudhurungi pembeni. Akachomoa nyingine, na nyingine, akatikisa kichwa. Wanunuzi wake, alisema, wanataka noti kama imetoka mtamboni jana.

"Hizi zote ziko na moshi. Siwezi chukua. Hii ya bluu peke yake, nitakupea bei ya mbuzi."

Mtamba wangu akapotea hivyo hivyo, kwa moshi wangu mwenyewe. Nikamgeukia Huqa, na nikamwona ameshusha pumzi. Alikuwa amefurahi! Hasira zikanipanda hadi masikioni.

"Furahi," nikamwambia. "Kaa na ng'ombe yako ya karatasi. Mimi nitakamua pakiti."

Nikaichukua gorfa nikaipindua mdomo chini mbele yake. Hakikutoka kitu. Huqa aliitazama kwa muda mrefu, halafu akaichukua Daalo, akaitazama nayo, akaiambia kitu kwa Kiborana ambacho sitakisema hapa. Akampa Mwongera noti. Nailoni akabaki nayo.

"Nipe na hiyo nailoni, mzee, isijikunje."

"Hii ni kamba yake. Baba yangu aliuza ng'ombe, kamba hakuuza. Tafuta yako."

Mwongera alicheka sana, akailaza noti katikati ya gazeti lake, akatulipa.

Mbuzi tulimpata sokoni Oldonyiro, kwa mama mmoja anayeitwa Akal. Ni wa rangi ya majivu, ana mtoto, na ana kichwa kigumu. Jioni ile nilikuwa nakoroga ugali niliposikia Huqa akiita nje, "Daalo! Daalo!" Hakunong'ona. Aliita kwa sauti yake ya Merti, ile ya kumfikia mnyama ng'ambo ya mto, ambayo sikuwa nimeisikia tangu ukame. Nilitoka na mwiko mkononi, na leso ikabidi ifanye kazi ya kufuta macho.

Maziwa yakalala ndani ya gorfa. Asubuhi nikayatia kwenye chai. Huqa alionja, akanusa kikombe kama Mwongera.

"Mama Guyo, hii ndio harufu iliharibu bei yetu."

"Basi usikunywe."

Akanywa yote, akanisogezea kikombe.

"Ongeza."