Boti Iliyopandishwa Milimani

Watu wazima kumi na wawili, wengine na shahada tatu tatu, walikaa siku mbili katika ukumbi wa parokia kutafuta namna ya kugawana boti moja. Wakala wali, wakanywa soda, wakapiga kura. Na namna waliyoipata ni ile ile ambayo babu zao walitumia kugawana ng'ombe wa maziwa: leo analala kwangu, kesho analala kwako.

Boti yenyewe ilikuwa zawadi ya mradi uliobuniwa kwa nchi za pwani. Vyombo vya utafiti ni vichache na wanasayansi ni wengi, basi wavitumie kwa pamoja; mwenye swali la kweli apande, apime maji yake, ampishe mwenzake. Wazo zuri, wala halikuhitaji kura. Fomu ya maombi iliuliza maji hupwa na kujaa saa ngapi, na Papa Bisengimana, mkurugenzi wa taasisi ya Masisi, ambaye bahari aliiona kwenye kalenda, alijaza bila haya: asubuhi na jioni. Wakampa boti, kwa sharti agawane na taasisi jirani. Sijui nani wa kuchekwa zaidi, aliyejaza au aliyesoma.

Ilishushwa katika Ziwa Kivu, karibu na Sake, nyeupe, na injini yake ya dizeli na winchi ya kushusha vifaa kilindini. Ilikaa majini siku tisa. Kisha mkataba ukaanza kufanya kazi: miezi sita taasisi ya Masisi milimani, miezi sita taasisi ya Mubi kule msituni Walikale. Na kwa kuwa ng'ombe wa kutunza hulala katika zizi la mtunzaji, boti nayo ingelala katika ua wa mwenye zamu. Ikapakiwa kwenye lori, ikapandishwa milimani. Mwezi wa kwanza watu walikuja kupiga nayo picha. Mwezi wa pili ndama walikuwa wameshajua kwamba chini yake kuna kivuli. Zamu ilipokwisha, ikapelekwa msituni, na ilipokwisha ya huko ikarudishwa, na hivyo hivyo kwa miaka miwili.

Katika taasisi zote mbili, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kazi ziwani: Laetitia Kampire, binti wa wafugaji wa milimani, aliyesomea maji. Kila mwanzo wa kiangazi, maji mabaya yaliyolala chini ya ghuba ya Sake, yenye gesi isiyo na harufu, hupanda juu, na samaki huamkia wakielea, wamekufa. Watu hukimbilia mitumbwi kwenda kuwaokota. Mwaka uliotangulia, watatu waliinama juu ya maji hayo na hawakuinuka tena. Dada yake Laetitia, Umuhoza, anauza samaki Sake, na huwa wa kwanza kuingia ziwani, kwa sababu ana watoto watano na hana subira.

Laetitia aliamini kwamba akipima maji ya mita sitini siku chache kabla, ataiona dalili na kuwaambia watu wabaki nchi kavu. Alichohitaji ni siku moja ya boti. Hata chupa maalumu ya kuchotea maji ya chini, ile inayojifunga yenyewe ikifika kilindini, ilikuwa mali ya boti na ilisafiri nayo. Aliandika barua saba. Alijibiwa kwamba zamu ni zamu.

Kwa hiyo siku ya makabidhiano, mwanzoni mwa Juni, alikwenda mwenyewe Kalembe, kijiji cha mpakani mwa Masisi na Walikale, ambako Walikale ilikuwa ikiirudisha boti kwa Masisi. Lori lilisimama kati ya mashamba ya maharagwe, boti juu yake imefunikwa turubai na kupakwa tope. Kulikuwa na viti vya plastiki, padre wa kubariki, na mbuzi. Papa Nestor, mkurugenzi wa Mubi, alisoma hotuba ya kurasa sita juu ya utajiri wa maji. Bisengimana akamjibu kwa kurasa nane.

Laetitia alingoja wamalize. "Papa Directeur," alimwambia Bisengimana, "lori ishuke nayo moja kwa moja mpaka Sake. Samaki iko karibu kuanza kufa. Siku moja tu njo naomba."

"Mama Laetitia, kazi iko na ordre yake. Boti inafika kwanza Masisi, tunafanya inventaire, tunahesabu kila kitu, tunaipaka rangi. Kisha comité inakaa. Mwezi wa munane utaandika demande, utaomba."

"Mwezi wa munane watu watakuwa walishakufa."

"Ile haiko mambo ya comité."

Hasira ilimpanda Laetitia, hasira ya barua saba. Akapaza sauti ili kila mtu asikie. "Muzuri. Mulisema hii boti iko kama ngombe. Sasa, kwetu, muntu anapokea ngombe ya kutunza bila kukamua?"

Wazee wa Kalembe, waliokuja kwa ajili ya mbuzi, wakanyanyua vichwa. Kila mfugaji anaijua desturi hiyo. Anayekabidhiwa ng'ombe humkamua pale pale, mashahidi wakiona, ili kesho asiambiwe kwamba yeye ndiye aliyemkausha.

"Anakamua kwanza," alisema mmoja wao. "Njo desturi."

"Basi tukamue," akasema Laetitia. "Washa moteur. Shusha waya ya winchi."

Wakurugenzi wote wawili wakasema kwa pamoja kwamba betri imechoka. Laetitia akapanda lori mwenyewe, akavuta turubai. Mahali pa winchi palikuwa na matundu manne ya boliti.

"Winchi iko wapi, Papa Nestor?"

Nestor alijikuna shingo. "Barabara yetu iko na matope sana, Mama. Inasaidia kuvuta malori. Ile pia ni kushirikiana."

Bisengimana akacheka, na afadhali angenyamaza, maana Nestor alimgeukia. "Unacheka nini, Papa? Siku ya kwanza tulipokea hii kitu bila moteur. Iko kwako Masisi, inasaga mahindi. Nilisaini tu, ju ya heshima."

Basi kumbe ndivyo. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alisaini. Miaka miwili walikuwa wakilisafirisha ganda tupu juu ya lori, kwa hotuba na kwa maji ya baraka, na Kalembe nzima ilicheka mpaka padre naye akalazimika kutazama pembeni.

Laetitia hakucheka. Aliingia ndani ya kibanda cha boti akaikuta ile chupa. Walikuwa wameitumia kuhifadhia mafuta ya mawese. Akashuka nayo kifuani.

"Mimi naenda na hii," alisema. "Njo maziwa yenye ilibakia."

Alipita kwao, akachukua kamba zote za kufungia ng'ombe katika zizi la baba yake, akaziunganisha na kupiga fundo kila mita. Chupa aliisugua kwa sabuni na majivu. Kisha akaomba mtumbwi Sake, na asubuhi tatu mfululizo alivuta mita sitini kwa mikono yake mpaka viganja vikachubuka. Siku ya tatu maji yalitoka yakitoa povu kama soda iliyotikiswa. Akamkimbilia dada yake, na Umuhoza, kwa mara ya kwanza maishani, alisikiliza. Alisimama ufukweni na fimbo, akamchapa kila aliyegusa kasia.

Ijumaa samaki walielea ghuba nzima. Hakuna aliyeinama juu yao, na jioni kila nyumba ilikula ikiwa kamili.

Taasisi mbili ziliandika ripoti moja kuhusu mafanikio ya ushirikiano, na picha ya boti ya zile siku tisa. Mei iliyofuata Laetitia akapata barua yenye mihuri miwili. Kwa kuwa kamba na chupa vimeonyesha manufaa, ilisema, vinaingizwa katika mkataba wa matumizi ya pamoja. Zamu ya kwanza ni ya Mubi, kuanzia tarehe mosi Juni.

Aliisoma ndani ya mtumbwi, Umuhoza akiwa ameshika kasia.

"Wanasema nini?"

"Wanataka kamba," alijibu Laetitia, akianza kuishusha majini.

Umuhoza aliitazama kamba ikizama fundo baada ya fundo, kisha mikono ya mdogo wake. "Waandikie wakuje kuichukua," alisema. "Lakini wavute kwanza yote, mbele ya watu."

Jibu lilipelekwa siku hiyo hiyo. Hadi leo hakuna aliyekuja.