Neno Lililobaki Nyuma ya Pazia

Kila mwaka Idara ya Kiingereza ya chuo iliigiza mchezo ulioandikwa na wanafunzi wenyewe, na nyuma ya pazia alikaa mnong'onezi, mtu wa kumrushia mwigizaji neno akisahau. Mwaka huu kazi ilimwangukia msichana waliyemwita Kasuku, kwa kuwa alikuwa amekariri mchezo mzima, hata maneno ya nafasi aliyoitaka akaikosa.

Nafasi hiyo, ya mjane anayegoma kuhama nyumba yake, alipewa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mwalimu wa chekechea aliyerudi kusoma akiwa mtu mzima, na hakuweza kukupita kwenye korido ya bweni bila kukuuliza kama umekula. Alilala kitanda cha chini, Kasuku cha juu.

"Mwenzangu, nikishika hereni ujue nimekwama," alimwambia Kasuku walipoanza mazoezi.

"Ukikwama mimi nipo."

Alimaanisha. Lakini baadaye zikaja habari kwamba mtayarishaji wa vipindi vya redio angekuja kutazama. Alikuwa akitafuta sauti moja ya kusoma masomo ya Kiingereza kwa shule za msingi; ajira kamili, hapa hapa mjini. Binti mdogo wa Shangazi alikuwa akilelewa na bibi yake, mbali. Kazi hiyo ingewaweka mama na mtoto chini ya paa moja. Kasuku hakuwa na sababu nzito hivyo. Alitaka tu, kwa mara moja, achaguliwe yeye.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, akiwakabili madalali, mara sauti ikakata. Shangazi akashika hereni.

Kasuku alilijua neno. Alifungua mdomo. Kupitia upenyo wa pazia alimwona mtayarishaji ameinama mbele, kalamu mkononi. Akafunga mdomo.

"Mtandao umekata!" mtu alipiga kelele huko nyuma, na ukumbi ukaangua kicheko. Shangazi bado ameshika hereni. Kasuku alipolitoa neno lile hatimaye, lilikuwa limechelewa. Mchezo uliendelea, lakini sauti ya mjane ilitetemeka mpaka mwisho.

Baada ya onyesho Shangazi alimfuata, uso umelowa jasho na poda.

"Pole, mwenzangu, nimekuaibisha. Hukuniona, eti? Ile taa inakupiga machoni."

"Inapiga," Kasuku alisema. Ni kweli taa ilikuwa kali. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: hakuhitaji hata kutunga uongo.

Mtayarishaji alimkuta Kasuku akikusanya viti.

"Wewe ndiye mnong'onezi? Nimesikia matamshi yako kutoka mstari wa mbele. Njoo studio Jumatatu, tukusikilize. Yule mama ni mzuri, ila ameganda. Redioni ukiganda, wasikilizaji wameshahama."

Ndicho alichokuwa akikitaka. Kasuku aling'ang'ania mgongo wa kiti.

"Hakuganda. Aliniomba neno, nikamnyima."

"Ulipitiwa?"

"Hapana. Nilikuona wewe, nikanyamaza."



"Binti, kule kwetu studio anayesoma hamwoni vizuri fundi wake wa mitambo. Anamwamini tu." Alifunga kalamu. "Siwezi kukuchukua. Mwambie mama aje Jumatatu. Simwahidi kitu. Nitamsikiliza."

Shangazi alikuwa kwenye chumba cha kuvalia, akihangaika na shuka kubwa lililokuwa ukuta wa nyumba ya mjane. Kasuku alimweleza yote akiwa amesimama, kwa haraka, asije akageuka njiani. Hata la Jumatatu. Hata lile la kwamba taa haikuwa na kosa lolote.

"Najua," Shangazi alisema. "Nilikuona ukifungua mdomo. Nilikuona ukiufunga."

"Sasa mbona ulisema taa..."

"Nilitaka ukatae. Ukakubali." Alimrushia ncha moja ya shuka. "Shika huko, tukunje."

Walikunja, wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana tena. Vidole vyao vilipogusana Kasuku alianza kulia.

"Usinililie miye, nina nguo za watu kumi na wawili za kukunja."

"Jumatatu nikusindikize, Shangazi? Nikae hapo nje tu. Ukihitaji..."

Shangazi aliliweka shuka sandukuni, akalisawazisha kwa viganja.

"Kule nitasoma kwenye karatasi," alisema kwa upole. "Sitahitaji mtu."