Bega la Kushoto

...alikuwepo Jenerali na kisanduku chake cha vyeo, alikuwepo Mnadhimu Mkuu anayeangalia saa kila anapodhani haonwi, alikuwepo mumewe ndani ya suti ya kuazima, alikuwepo binti yao na simu tayari kwa picha, na ukutani makamanda kumi na wanane waliotangulia, wanaume watupu, weupe watupu, na yeye katikati, siku ya kuvishwa cheo kipya, mguu sawa, bega la kulia tayari Brigedia, la kushoto bado Kanali, maana kwa desturi ya kikosi, la kulia hukuvisha mkubwa wako, la kushoto hukuvisha uliyemchagua mwenyewe, naye alimchagua sajini mstaafu aliyemfundisha gwaride, bibi mweusi kama yeye, aliyeingia jeshini kwa mlango wa dobi kwa kuwa enzi zake mwingine haukuwepo, akafundisha nusu ya maofisa na akastaafu sajini vilevile... usikaze magoti, mwanangu, bibi alikuwa akimwambia, utaanguka kama gunia la mkaa, halafu watasema ni sketi... hajayakaza, dakika ya kumi na mbili sasa wanamsubiri bibi, jasho linamtambaa mgongoni na mkono wa kulifuta hana, "Labda foleni," mumewe ananong'ona, "Afande ana kikao," anasema Mnadhimu, haambiwi yeye, inaambiwa hewa, na Jenerali anacheka kidogo, "Nimalizie na hili basi, Kanali, bega ni bega," na ndiyo afande imeshafika ulimini, njia inaijua, miaka ishirini na sita, ndiyo walipompa stoo ya mafagio abadilishie nguo, ndiyo walipomwagiza chai kwenye mkutano aliouitisha yeye, maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, ameyaoga, kila cheo alichopanda kilikuwa chumba kidogo kuliko cha chini yake, na mtu akikuvisha mabega yote mawili unakuwa nguo yake, atakukunja atakavyo, "Hapana, afande. Nitasubiri," sauti yake hiyo, wala haikupanda, Jenerali anakifunika kisanduku, anakifunua, binti ameshusha simu anamtazama mama yake kama mgeni aliyebisha hodi, na yeye hajasogea hata unywele, lakini pumzi inaingia yote, kumbe hapana ni neno jepesi, angelijua angelisema kwenye ile stoo, anaweza kusimama hivi mpaka jioni... mlango unafunguliwa, mpambe wa Jenerali anapiga saluti, anasema sajini mstaafu amefariki saa tatu asubuhi hii, nyumbani kwake, akivaa viatu.