Nyasuguta Ndani ya Kioo

“Kama huna ufunguo, umekuja kufanya nini hapa?” Mellen aliuliza.

“Mama Byron, nimekueleza. Hakuna ufunguo kwa sababu hakuna kufuli,” alisema Dkt. Omanga. “Na tafadhali usiegemee kioo. Mafuta ya mkono huacha alama.”

Mellen alikuwa ametoka kukaanga mandazi ya wageni. Aliegemea kioo kwa viganja vyote viwili, akavitoa. Alama zilibaki pale, pana na za wazi. Ndani ya kioo mama mkwe wake, Nyasuguta, alizitazama alama zile, akamtazama daktari, kisha akabenua mdomo. Alikuwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe, ungo wa maharagwe ukiwa mapajani, vile vile alivyokuwa asubuhi ile kioo kilipoota.

“Tulisubiri kwa sababu ya chifu,” Mellen aliendelea. “Chifu alisema tusiguse, mwenye kitabu atakuja na ufunguo. Sasa mwenye kitabu amekuja na wageni.”

Wageni walikuwa watatu, wote wa vyuo vya mbali. Walikuwa wamevua viatu mlangoni bila kuombwa na walizungumza kwa kunong'ona kama watu walio kanisani. Mmoja wao alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia.

Daktari alikuwa ameifikia nyumba hii, nje kidogo ya Kehancha, miaka miwili kabla, wakati wa kukausha tumbaku. Alikaa wiki nzima. Alikula kuku wa boma lile mpaka jogoo akabaki peke yake, akauliza jina la kila kitu, na kando ya kila kitu akaweka rula ndogo nyeupe kabla ya kupiga picha. Ndivyo wasomi wa makumbusho wanavyofanya kazi: kitu kisichokuwa na rula kando yake hawakiamini. Alipima kibuyu cha maziwa, jiwe la kusagia na kigoda cha miguu mitatu. Mwisho alimpima Nyasuguta, rula ikiwa imegusa ndewe ya sikio lake, kwa sababu masikio yake yalitogwa na kunyooshwa alipokuwa msichana. Nyasuguta alimtajia jina lake na la baba yake. Alimfanya ayarudie mpaka akayatamka sawasawa. Daktari aliyarudia vizuri sana, akacheka, akashukuru, akaenda zake.

Kitabu kilizinduliwa katika hoteli moja ya Homa Bay, kwenye ukumbi unaotazama ziwa. Wasemaji waliishukuru jamii, na jamii haikualikwa. Kilikuwa kitabu kinene cha mikusanyo na historia ya vyombo vya nyumbani, chenye tanbihi nyingi kuliko maneno, na bei yake ilikuwa ya mtamba. Nakala moja ilimfikia chifu. Watu walienda kwake kutafuta vyombo vyao humo ndani, wakavipata vimepigwa picha vizuri, wakarudi nyumbani.

Kesho yake kibuyu cha maziwa kiliota kioo. Kilikuwa kisanduku kisafi chenye taa ndani, ingawa nyumba haikuwa na umeme, na chini yake palikuwa na kibandiko kilichochapishwa. Mellen alinunua kibuyu cha plastiki sokoni. Likafuata jiwe la kusagia, naye akaanza kupeleka wimbi kwenye mashine. Kikafuata kigoda, na Maroa, mumewe, akawa anakalia kreti ya soda. Hakuna aliyelalamika sana. Majirani walikuja kuuliza kama taa ile ingeweza kuchaji simu.

Kisha kioo kikamfikia Nyasuguta. Kilipanda taratibu kutoka sakafuni, kama maji yanavyojaa ndani ya pipa, akapata muda wa kusema, “Mellen, njoo uone ujinga.” Kilipofika juu kikajifunga, na tangu hapo sauti yake haikutoka tena. Yeye aliwasikia, akawaona, na alijibu kwa mdomo na vidole. Kibandiko chake kilisema: *Mwanamke mzee, Kuria. Jina halikujulikana.*

Hata hilo wangeliweza. Tatizo lilikuwa mtoto.

Emmaculate, mke wa Byron mwana wa Mellen, alijifungua mtoto wa kiume muda mfupi baadaye, akaletwa katika nyumba hii ya bibi mkuu, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Katika boma hili mtoto hatoki nje mpaka mwanamke mkubwa wa nyumba amtemee mate ya baraka kwenye paji la uso na kutaja jina alilooteshwa. Mwingine hawezi kumsaidia kuota. Kwa hiyo mtoto aliitwa “huyu”, na kadi ya kliniki ikaandikwa jina la mama yake. Emmaculate hakuwa ameona jua tangu alipoingia. Huyu alilia kwa sababu ya moshi, na sauti yake ilizidi kukwaruza kila siku.

“Anahitaji kutema mate tu,” Mellen alimwambia daktari. “Mate kidogo. Halafu kioo chako kijifunge mpaka mwisho wa dunia kama kinataka.”

Daktari alitabasamu, kama wanavyotabasamu watu waliozoea kusahihisha mitihani. “Mate ni unyevu. Unyevu ni adui mkubwa wa mkusanyiko.”

“Na mtoto je?”

“Hiyo desturi ya mate nimeieleza vizuri katika sura ya sita. Haitapotea.”

“Haijapotea. Imefungiwa hapo. Unaiona imekaa?”

Mmoja wa wageni aliuliza kama kungekuwa na chai isiyo na maziwa. Mellen hakugeuka.

Daktari aliona ni wakati wa kuzungumza na mwenye nyumba. Alimwendea Maroa kwenye kreti yake, akamshika bega. “Mzee, wewe ni mwanamume, utanielewa. Umeona mama amebadilika tangu aingie? Amekonda? Amekohoa?”

“Hapana,” Maroa alikubali. “Hata njaa hana. Kile kifua kimenyamaza kabisa.”

“Ndani hakuna kuzeeka. Hakuna ugonjwa. Mzee, mama yako hatakufa.”

Maroa aliinua kichwa. Alikuwa mtu mpole aliyempenda mama yake, na tangu babake azikwe alikuwa akiamka alfajiri kusikiliza kama mama bado anapumua. Alikuwa ameacha kuamka. Sasa ilibidi tu atazame kioo.

“Mellen,” alisema polepole, “pengine tungoje kidogo.”

“Tungoje nini?”

“Si unasikia hatakufa?”

“Nasikia. Na huyo mwingine nyuma ya pazia hatazaliwa. Atakaa humo bila jina, na mamake, mpaka awe na ndevu. Baba Byron, mtu akiwekwa kabatini si kwamba amepona.”

“Ni mama yangu.”

“Basi mwulize yeye. Mbona mnaniuliza mimi na daktari?”

Hilo halikuwa limemjia mtu yeyote, hata daktari, ambaye alikuwa ameandika kurasa kumi na nne juu ya Nyasuguta. Maroa alisimama mbele ya kioo. Alivua kofia yake, akaifinya. Nyasuguta alimtazama mwanawe kwa muda, kwa upole ambao wageni walishindwa kuupiga picha kwa sababu ya mwako wa kioo. Kisha aliweka ungo chini, akajisogeza mpaka karibu, akainua kidole. Kwa ndani, kwenye usawa wa mdomo wake, akachora mraba.

Akauchora tena, kwa wale wasioelewa haraka.

Mellen alimpigia simu Noordin.

Noordin alikuwa na duka la vioo na fremu Kehancha mjini, karibu na msikiti. Alifika kwa bodaboda kabla wageni hawajamaliza mandazi, mfuko wa vifaa ukiwa begani. Alisalimia wakubwa kwanza, pamoja na aliyekuwa ndani ya kioo, ndipo akagonga kioo kwa kucha.

“Milimita sita,” alisema. “Safi. Hii huipati Kehancha, hata Migori kwa shida. Nani aliweka?”

“Kitabu,” Mellen alisema.

“Kazi nzuri wallahi. Hata silikoni hakutumia.” Alichuchumaa kuangalia kona. “Mama Byron, unataka nitoe chote?”

“Unaweza?”

“Siwezi. Kimeshikana na sakafu, kikivunjika kitamwangukia nyanya. Lakini dirisha naweza.”

“Anataka dirisha. Hapo alipochora.”

Daktari alisimama kati ya fundi na kioo. “Hakuna atakayekata. Hii ni mali ya mradi. Hewa ikiingia ataanza kuzeeka palepale alipoachia. Kifua kitarudi. Mtamzika, Mama Byron. Mtamzika, na hamtakuwa na wa kumlaumu.”

“Sisi huzika watu wetu,” Mellen alisema. “Wako unawaweka wapi?”

Daktari alimgeukia Maroa. Maroa alikuwa akimtazama mama yake, ambaye alikuwa ameshikilia kidole katikati ya mraba usioonekana na hakukiondoa.

“Daktari,” Maroa alisema, “hebu sogea kidogo. Unamzibia fundi mwanga.”

Noordin alisema bismillahi, akapitisha kisu cha kukatia vioo, pande nne, akagonga kwa kipini. Kipande kilitoka kizima. Alikiangalia, akakifunga kwa gazeti akakitia mfukoni, maana kioo kama kile hakitupwi. Moshi wa nyumba uliingia ndani taratibu na taa ikafifia.

Nyasuguta alivuta pumzi, akasogeza mdomo dirishani.

“Mellen,” alisema, “hawa watu bado wanakula?”

“Bado, Mama.”

“Hm. Leta mtoto.”

Emmaculate alitoka nyuma ya pazia akipepesa macho, akaushika utosi wa mtoto, akauinamisha kwenye dirisha. Nyasuguta alitema mate membamba kwenye paji la uso, akayapaka kwa kidole gumba.

“Nyamhanga,” alisema.

Maroa alishtuka kidogo. Alikuwa amewaambia watu kuwa mtoto angeitwa jina la marehemu babake yeye mwenyewe. Nyamhanga alikuwa ndugu mdogo wa marehemu huyo, aliyekufa kijana bila mke wala boma, na hapakuwa na mtu aliyemtaja tena.

“Alinijia ndotoni mara nyingi,” Nyasuguta alisema. “Alisimama hapo nje ya kioo akingoja. Yeye hakuwa na haraka, nyinyi ndio wa kuchelewa.” Kisha akapaza sauti, ili asikike mpaka uani. “Nyamhanga! Na mimi ni Nyasuguta, binti wa Mokua. Kuna mtu anaandika?”

Daktari alikuwa amepiga goti upande wa pili. Alikuwa ameshikilia rula kwenye ukingo wa dirisha na kumsomea mmoja wa wageni vipimo, urefu kwanza, kisha upana, kwa ajili ya toleo la pili. Alimwomba mama azungumze polepole, au anyamaze kidogo, kwa sababu pumzi yake ilikuwa ikitia ukungu kwenye kioo. Chini, kibandiko kilikuwa vile vile.

Emmaculate alimfunga Nyamhanga mgongoni, akavuka kizingiti, akatoka juani.

Ndani ya kioo Nyasuguta alikohoa, kikohozi kirefu na cha kawaida kwa mtu wa umri wake. Maroa aliinuka kutoka kwenye kreti. Mellen alikuwa ameshaenda kutafuta blanketi.